Fundi Aliyeuliza Hari

Siku ya tatu baada ya mazishi ya mama mmoja karibu na Ndalu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi aliniuliza swali lililokuwa na jibu ndani yake. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai ambalo bado halijakunjwa, wana wa marehemu wamenizunguka, na chai yangu imepoa mkononi. Alisema, "Mzee wa picha, hiyo mashine iliyoungua na video ya mama, si ni yule fundi ndiye aliifungua mwisho?"

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Hakuna aliyenikaba. Nilitazama utando uliokuwa umeganda juu ya chai nikasema, "Ni yeye."

"Yule wa Kitale?"

"Yule wa Kitale." Na nikataja jina lake.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Fundi ndiye aliyekuwa wa mwisho kushika bisibisi na kuifungua ile kompyuta. Lakini hakuwa wa mwisho kuigusa. Wa mwisho nilikuwa mimi. Tangu siku ile jina lake sijalitamka, na hapa sitaliandika. Nimeshalitaja mara moja mahali pasipofaa, inatosha.

Mimi na Fundi tulipanga vyumba vya mabati nyuma ya soko la Kitale. Changu kilikuwa cha kwanza. Nilipiga video za harusi na mazishi, kisha nikazikata na kuzipanga kwenye kompyuta. Cha pili kilikuwa kinu cha posho. Cha tatu kilikuwa cha Fundi, aliyetengeneza kompyuta. Tulikaa hivyo miaka kumi na mmoja, unga wa jirani yetu ukitushukia sote wawili hadi nyusi zetu zikafanana.

Alikuwa mrefu, ameinama mabegani, na miwani yake ilishikwa na uzi mweusi. Alivaa sweta moja la kijani lililonuka moshi wa solda. Skrubu alizihifadhi kwenye makopo ya siagi, kila kopo na aina yake, na ole wako uchanganye. Mteja akiingia, Fundi hakumsalimia kwanza. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya mashine, vile mama anavyompima mtoto homa, akasema, "Tuurize hari kwanza."

Alikuwa mtu wa Bungoma, na kinywani mwake R ilikalia kiti cha L kila wakati. Mimi niliyefika kidato cha nne sikuacha kumsahihisha.

"Fundi, ni hali ama ni hari?"

"Si nimesema hari."

"Hari ni joto, bana. Ni jasho. Mwalimu wetu alitufundisha. Kinachoulizwa ni hali."

"Na wewe umenierewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi unabishania nini? Ketini hapo nyinyi wa sekondari."

Watu waliokuwa kwenye laini ya kinu walicheka, nami nikacheka nao. Nilidhani nimeshinda. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kwa mashine anazotengeneza yeye, maneno yale mawili yalikuwa neno moja.

Kazi yake aliifanya na daftari. Kila ukurasa aliugawa kwa rula, upande mmoja ameandika "Imewaka" na mwingine "Imekataa". Alibadilisha kitu kimoja tu, akawasha, akaandika. Akabadilisha kingine, akawasha, akaandika. Mtu mwenye haraka alimchukia. Mwalimu mkuu mmoja kutoka upande wa Tongaren alileta kompyuta ya shule iliyokataa kuwaka, na Fundi akamwuliza swali lake la siku zote.

"Mwarimu, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Fundi akaandika. Kisha akamfungulia daftari kurasa za nyuma, akamwonyesha kwa kidole. "Hajagusa kitu. Hajagusa kitu. Huyu pia hajagusa kitu. Hawa wote, Mwarimu, hawakugusa kitu, na mashine zao zirikufa tu zenyewe kwa huzuni."

Yule mwalimu alitaka kukasirika, akashindwa. Alikiri kwamba alichomeka memori kwa nguvu upande usiofaa. Tangu hapo shule zile za Tongaren zilimletea Fundi mashine zao zote, na ndizo zilizomlisha.

Sitaki kumfanya malaika. Subira yake ilikuwa ya mashine tu. Watu aliwakatiza maneno, na ukimwambia pole kwa kosa ulilomfanyia, alikujibu kwamba pole ni ya mgonjwa. Hakutia sukari kwenye chai akisema ni sumu, lakini mfukoni alikuwa na kipande cha sukari guru. Aliwaonya wateja wote wasiongeze kasi ya kompyuta za bei ya chini, na kompyuta yake mwenyewe, yenye prosesa, ubongo wa mashine, rahisi kuliko zote sokoni, alikuwa ameipandisha hadi mwisho wa uwezo wake. Ilikaa wazi bila kifuniko, na feni mbili ameifungia kwa waya. Nikimcheka alisema, "Yangu nikiiua nitaizika mwenyewe. Ya mtu nitaizika na nani?"

Saa saba mchana aliweka chini kila kitu na kufungua redio kusikiliza matangazo ya vifo. Aliyasikiliza akiwa amesimama, hata ya watu asiowajua. Yakiisha aliketi na kuendelea na kazi. Nilimwuliza mara moja anatafuta jina la nani. Alisema, "Hakuna. Rakini mtu akitajwa mara ya mwisho, si angarau mtu asimame."

Mke wangu alipotajwa kwenye redio ile, Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwangu.

Mke wangu aliimba sauti ya pili kwaya ya kanisa letu. Nilikuwa nimemrekodi miaka mingi, mazoezini na kwenye sherehe, na nyimbo zile zote zilikuwa kwenye diski ya kompyuta yangu ya kazi. Nakala nyingine hapakuwa nayo. Fundi aliniambia mara nyingi nitoe nakala, na kila mara nilimjibu wiki ijayo. Kwa kawaida sikuzisikiliza. Ilinitosha kujua ziko.

Kompyuta ile ilikuwa na prosesa ya bei ya chini na ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyeshiba. Kutengeneza video ya saa tatu kuliichukua siku nzima. Vijana waliniambia kwamba kasi inaweza kuongezwa kwenye mipangilio, ile inayotokea mashine ikianza kuwaka. Nikamwomba Fundi. Alikataa wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja na daftari, nadhani kwa sababu nilimchosha.

Alipandisha ngazi moja, ikawaka. Akapandisha ya pili, ikakataa. Feni zilizunguka, taa iliwaka, lakini skrini ilibaki nyeusi na hapakuwa na mlio wowote. Alitoa ile betri ndogo ya duara, akaishika kiganjani akisubiri.

"Unafanya nini?"

"Nawacha isahau kiburi."

Alipoirudisha, mashine iliamka ikiwa na kasi yake ya kiwandani. Akapandisha tena. Ikakataa tena. Akajaribu memori moja moja. Akasafisha feni kwa pampu ya baiskeli, unga ukatoka kama moshi. Akapangusa prosesa na kuipaka upya ile grisi ya kupoozea. Siku ya pili, saa saba na robo, iliwaka ikiwa na kasi yote tuliyoitaka, nami nikapiga makofi. Saa nane ikakataa. Hakuna aliyekuwa amegusa chochote, safari hii kwa kweli.

Siku ya tatu Fundi hakushika bisibisi. Aliketi kwenye kiti changu, akakodolea macho balbu ya dari. Nilidhani amekata tamaa. Kisha kinu cha jirani kikaanza kunguruma, na balbu ikafifia kidogo, kiasi ambacho mimi nilikuwa nimekizoea hata sikukiona tena. Alitabasamu.

"Si mashine yako. Ni jirani."

Alienda kusimama mlangoni kwa msagaji. "Simamisha." Kinu kikanyamaza, akaja akawasha, ikawaka. "Anza." Kikanguruma, ikakataa. Aliandika. "Simamisha tena."

"Fundi, watu wako laini na mahindi yao," msagaji alilalamika. "Ati nisimamishe kinu ndiyo kompyuta ipumue?"

"Ni mgonjwa," mama mmoja mwenye debe alisema. "Wacha apimwe."

Ndivyo alivyojua. Prosesa ikiongezwa kasi inadai umeme zaidi. Pawa saplai yangu, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, ilikuwa rahisi, na kinu kikianza umeme ulipungua, hivyo ikashindwa kuibeba. Akaniambia maneno ambayo ningeyasikia tena kichwani mara nyingi: "Pawa saprai rahisi haikufangi pekee yake, Mzee. Razima itafute mwenye ataisindikiza."

Alirudisha kasi ya kiwandani, akafunga skrubu zote, akabandika kipande cha plasta ubavuni mwa mashine na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: USIONGEZE. HARI. Aliandika vile alivyosema. Nilimwambia amekosea, alitaka kuandika hali mbaya au kitu kama hicho. Aliifunika kalamu akarudi kwake.

Mama wa Ndalu aliniita yapata miezi miwili baadaye. Alikuwa mgonjwa na alijua. Nilimrekodi alasiri tatu, ameketi kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, akizungumza na kila mtoto wake kwa jina. Wa mwisho, kijana aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi na asirudi, alimwachia maneno marefu kuliko wote. Alimwambia kwamba amemsamehe. Alimwambia pia kosa lake yeye mama lilikuwa lipi. Alinipa masharti: "Waione siku ya kunizika, wakiwa pamoja. Si kabla."

Alifariki. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Kamati ikaagiza shuka jeupe na projekta.

Alhamisi asubuhi nilianza kutengeneza ile video; picha zote zilikuwa kwenye diski tu, kadi ya kamera nilishaifuta kwa kazi nyingine. Kwa kasi ya kawaida ingekamilika Ijumaa jioni, muda ulitosha. Lakini nilitaka kumaliza Alhamisi ili Ijumaa niende na watu kuchukua mwili, nionekane nami nimekuwepo. Fundi alikuwa Kanduyi kumtembelea binti yake. Niliitazama ile plasta. Niliitazama mashine: taa ya kijani, feni inazunguka, kila kitu kiko sawa. Hali ilikuwa nzuri. Hari sikuuliza, hata mgongo wa mkono sikuuweka.

Nikaizima, nikaiwasha, nikaingia kwenye mipangilio na kuongeza kasi kwa kubonyeza, bila kufungua skrubu hata moja. Kinu kilikuwa kimya kwa kuwa msagaji alikuwa amekwenda kununua mkanda mpya. Ikawaka. Video ikaanza kwenda mbio nikafurahi.

Saa tisa msagaji alirudi akafunga mkanda wake. Balbu ilififia. Nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinachovunjwa, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Niliichomeka kwenye soketi nyingine. Nikatoa betri nikasubiri, kama nilivyomwona Fundi akifanya. Nilibeba diski peke yake kwa kijana wa mtaa wa pili, akaichomeka kwake, akatega sikio. "Mzee, hii imekufa. Hata haizunguki."

Jumamosi lile shuka jeupe lilitundikwa kati ya miti miwili na kukaa mchana kutwa bila kitu. Yule mwana wa mwisho alikuwa amerudi. Aliketi mbele kabisa.

Siku ya tatu ndipo nilipoitwa, na ndipo nilipoulizwa lile swali. Baada ya kulijibu nilimfuata yule kijana kando nikamwambia maneno ya mama yake kama nilivyoyakumbuka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hayo ulisikia wewe pekee?"

"Mimi pekee."

"Sawa, Mzee," alisema, na akaondoka.

Niliporudi Kitale niliogopa. Fundi angerudi, angefungua mashine, angejua kwa dakika tano, na angekwenda Ndalu na daftari lake. Basi kabla hajarudi nilimwita mnunuzi wa vyuma chakavu nikampa yote, kasha, plasta na diski. Diski niliitazama kidogo. Nilijiambia imekufa, na mfu hana kazi.

Fundi alikuja Jumatano. Habari zilikuwa zimemtangulia, kwa maana yule mwenyekiti alikuwa pia kwenye bodi ya shule mojawapo ya Tongaren. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya meza, pale mashine ilipokuwa.

"Iko wapi?"

"Nimeitoa. Chuma chakavu."

"Na diski?"

"Na diski."

Kinu kilikuwa kinanguruma, balbu imefifia. "Mzee, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Alitoa daftari kwenye sweta lake, akaandika, akalifunga. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Yule mwalimu mkuu wa Tongaren alikuja mwezi ule na pikipiki kuchukua kompyuta za shule zilizokuwa bado hazijatengenezwa. Alikuwa na aibu. "Ni bodi, Fundi. Wanasema uliharibu kitu ya wenyewe." Shule nyingine zikafuata, kisha makanisa. Fundi hakujitetea kwa yeyote. Kabla mwaka haujaisha alifunga chumba akaenda kukaa kwa binti yake Kanduyi. Siku anahama nilimwona akibeba makopo ya siagi mawili mawili, akiinama zaidi ya kawaida, asije akamwaga. Nilikuwa mlangoni kwangu. Ingenichukua hatua ishirini kwenda kumsaidia.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikwenda Bungoma kwa shughuli za macho yangu, nikashuka Kanduyi, nikauliza. Binti yake ana kibanda cha mboga kando ya barabara, si mbali na uwanja wa michezo. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya sukuma wiki, sweta lile lile, akiparua kutu kwenye redio ya mtu kwa kisu. Mikono yake inatetemeka siku hizi.

"Mulembe," nilimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Mulembe." Alinitazama kupitia ile miwani ya uzi. Kisha akanyoosha mkono, akaweka mgongo wa mkono huo juu ya paji la uso wangu. "Hari?"

Sikujua ni ipi anauliza, na zote mbili zilikuwa mbaya.

"Mimi ndiye niliongeza," nilisema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Msagaji ariniambia. Kinu kiriwashwa saa tisa na wewe ukatoka mbio na moshi. Kwani hiyo ni hesabu ngumu?"

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ndiye urikuwa na kitu ya kusema. Mimi ningesema nini?"

Binti yake aliniletea chai. Niliishika. Nilimwambia kwamba nimekuja kumwomba msamaha, na kwamba nitakwenda Ndalu kusema ukweli, mwenyekiti bado yu hai. Alirudi kuparua ile redio.

"Nenda. Itakusaidia wewe." Akapuliza kutu. "Ire diski haikuwa imekufa, Mzee."

"Ilikuwa haizunguki."

"Kenye kirikufa ni kare kaubao ka chini, kenye kanapereka umeme. Ndani maneno yapo tu, yamerara. Mimi nirikuwa na diski kama hiyo, namba zake sawa, kwa kopo. Unahamisha kaubao, inasoma. Nimefanya nyingi hivyo." Alinionyesha kwa vidole viwili vinavyotetemeka kitu kidogo kama stempu. "Hiyo Jumatano nirikuja na hako kaubao kwa mfuko. Sikukuja kugombana. Nirikuja kuomba diski."

Chai niliirudisha kikombe kikiwa kimejaa. Tuliagana kwa mkono. Hakusema nirudi wala nisirudi.

Ndalu nimekwenda. Mwenyekiti alinisikiliza, akasema mambo ya zamani yaachwe. Yule mwana wa mwisho aliondoka tena mwaka ule ule wa mazishi, na hakuna anayejua aliko.

Basi niseme wazi. Kwa kusema "ni yeye", nilimnyang'anya Fundi kazi yake, nikamnyima mwana wa yule mama sauti iliyomsamehe, na ili uongo wangu usifunguliwe, sauti ya mke wangu, iliyokuwa nzima ndani ya diski ile, niliitia kwenye mizani ya vyuma chakavu kwa mikono yangu.